Sumu ya Nyoka na Kuganda kwa Damu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa ajili ya wauguzi, matabibu, watu wa maabara, wanafunzi wa sayansi na yeyote anayetaka kuelewa kinachoendelea ndani ya mishipa baada ya nyoka kuuma. Hayachukui nafasi ya mwongozo wa tiba unaotumika kituoni kwako.

Mgonjwa anavuja damu kwenye fizi na kwenye tundu la sindano. Je, sumu "imeyeyusha" damu yake?

Hapana, na dhana hii imezaa makosa mengi ya matibabu. Nyoka wengi wanaosababisha kuvuja damu wana sumu inayofanya kinyume kabisa: inaigandisha damu. Inaigandisha kwa kasi kubwa na bila mpangilio, mpaka malighafi ya kugandishia inakwisha. Unachokiona kwenye fizi ni dalili ya ghala tupu.

Piga hesabu uone. Mtu mzima ana takriban lita 3 za plazima, sehemu ya majimaji ya damu, na kila lita hubeba gramu 2 hadi 4 za fibrinojeni, yaani protini inayogeuka kuwa nyuzi za donge. Mwili mzima, basi, una kama gramu 6 hadi 12 za fibrinojeni inayozunguka kwenye damu. Kimeng'enya cha sumu hakitumiki kikaisha kama kuni. Molekuli moja hukata protini moja, ikaiachia, ikashika nyingine, tena na tena. Ndiyo maana kiasi kidogo mno cha sumu huweza kumaliza gramu zote hizo katika muda mfupi. Nyuzi changa zinazotengenezwa huyeyushwa papo hapo na plazimini, kimeng'enya cha mwili chenye kazi ya kusafisha madonge. Mabaki yake ndiyo yanayopandisha kipimo cha D-dima hadi juu sana.

Kwa nini basi sumu hiyohiyo humuua panya kwa damu kuganda, na binadamu kwa damu kutoganda?

Ni suala la ujazo. Panya mdogo ana damu isiyozidi mililita 2 au hapo karibu. Sumu iliyokusudiwa kumwangusha inapoingia, ukolezi wake unakuwa mkubwa kiasi kwamba damu inaganda ndani ya moyo na mapafu kabla mwili haujaanza kuyeyusha chochote. Windo linaanguka palepale, na nyoka halazimiki kulifuata mbali. Kwa binadamu mwenye lita 5 za damu, sumu ileile inachanganyika na kuwa nyepesi. Inatengeneza nyuzi dhaifu zinazosafishwa haraka, na kinachobaki ni upungufu.

Hata hivyo, wapo watu wanaozimia au kusimama moyo katika saa ya kwanza baada ya kuumwa na nyoka wa kahawia wa Australia, *Pseudonaja textilis*. Hao wamepatwa na ile hatua ya mwanzo ya kuganda, kabla ghala halijakauka.

Sumu inaingilia wapi katika mfululizo wa kuganda?

Kwa kifupi: vigandishi vya damu huamshana kama watu wanaopokezana kijiti. Kigandishi cha X kikiamshwa, kwa msaada wa kigandishi cha V, kalsiamu na mafuta ya utando wa seli, hukata prothrombini na kuwa thrombini. Thrombini hukata fibrinojeni kuwa fibrini, na kigandishi cha XIII hushona nyuzi hizo zishikamane imara. Chembe sahani nazo hujikusanya kwenye jeraha na kuziba tundu. Karibu kila hatua hapa ina protini ya sumu inayoilenga.

Ni protini zipi hasa, na nyoka gani wanazo?

*Zinazoamsha prothrombini.* Hizi huumiza watu wengi. Inayofahamika sana ni ekarini, kutoka kwa *Echis*, wale nyoka wadogo wanaojikunja na kusugua magamba yao mpaka yanatoa sauti ya mkwaruzo. Ekarini ni metaloproteinasi, kimeng'enya chenye zinki katikati, na haihitaji kalsiamu, wala mafuta, wala kigandishi cha V. Haiisubiri mashine yoyote ya mwili. Inachozalisha kwanza ni meizothrombini, umbo la kati la thrombini ambalo heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hailizuii ipasavyo. Kumbuka jambo hili, litarudi kwenye swali la heparini.

Nyoka wa Australia wamefuata njia nyingine. Sumu ya *Notechis scutatus* ina protini inayofanana sana na kigandishi cha X kilichokwisha kuamshwa, inayoazima kigandishi cha V kutoka kwa aliyeumwa. Taipani (*Oxyuranus*) na *Pseudonaja* wameenda mbali zaidi: sumu yao inabeba nakala ya X pamoja na nakala ya V, yaani mtambo kamili. Jeni za protini hizi ni nakala za jeni za damu ya nyoka wenyewe, zilizojirudufu na kuhamia kufanya kazi kwenye tezi ya sumu. Katika biolojia ya sumu, mfano ulio wazi kuliko huu ni nadra.

*Zinazoamsha kigandishi cha X na cha V.* Sumu ya *Daboia russelii* wa Asia ya Kusini ina zote mbili. Ile ya X ni metaloproteinasi yenye mnyororo mmoja mzito na miwili myepesi. Minyororo myepesi inashika kigandishi cha X kwa msaada wa kalsiamu, ule mzito unakikata. Hukata mahali palepale ambapo mwili wenyewe hukata.

*Zinazoiga thrombini.* Hizi ni serini proteasi, kama batroksobini ya *Bothrops* na ankrodi ya *Calloselasma rhodostoma*. Huiga nusu ya kazi tu. Thrombini halisi huondoa vipande viwili kwenye fibrinojeni, A na B. Hizi mbili huondoa A peke yake na hazimwamshi mshonaji, kigandishi cha XIII. Donge linalotokea ni legelege na huyeyuka upesi. Heparini haizigusi kabisa.

*Zinazocheza na chembe sahani.* Disintegrini ni protini fupi zenye mfuatano wa asidi amino tatu, arijinini, glisini na aspati, unaoziba kipokezi ambacho chembe sahani hukitumia kushikana kwa fibrinojeni. Protini za jamii ya lektini aina ya C ni kundi jingine: botrosetini ya *Bothrops jararaca* hubana kigandishi cha von Willebrand kwenye chembe sahani, na konvulksini ya *Crotalus durissus* huziamsha zijikusanye hovyo. Matokeo ni yaleyale, chembe zinapungua au haziwezi kazi.

*Zinazozuia kuganda kwelikweli.* Zipo. Baadhi ya fosfolipasi A2, zikiwemo za swila wanaotema sumu, huzuia vigandishi visikutane juu ya mafuta ya utando. Kwenye mrija wa maabara athari yake huonekana dhahiri. Kwa mgonjwa wa swila hao, tatizo kubwa kwa kawaida ni jicho, kidonda na tishu kufa, si kuvuja damu.

*Zinazotoboa mishipa.* Baadhi ya metaloproteinasi, hasa zile kubwa za kundi la P-III, hukata kolajeni ya aina ya IV inayoshikilia kuta za kapilari. Hazina kazi na kuganda moja kwa moja, lakini bila hizo hadithi haikamiliki. Soma jibu linalofuata.

Inawezekanaje fibrinojeni iwe karibu sifuri na mgonjwa asivuje?

Kuvuja kunahitaji mambo mawili: damu isiyoganda, na tundu. Daktari Alistair Reid alipokuwa akitibu watu walioumwa na *Calloselasma rhodostoma* huko Malaya (sasa Malaysia), aliona wagonjwa ambao damu yao haikuganda kwa siku nyingi lakini hawakuvuja sana. Taarifa hizo za mwaka 1963 ndizo zilizofanya ankrodi ijaribiwe kama dawa ya kupunguza fibrinojeni.

Balaa huja pale sumu moja inapobeba mikono yote miwili, mmoja unamaliza fibrinojeni na mwingine unatoboa kapilari. Sumu ya *Echis* iko hivyo. Kwa hiyo usitulie kwa kuwa mgonjwa "haonekani kuvuja". Kuanguka kidogo tu, jino kung'oka, sindano ya msuli, au mtoto kujigonga kichwa kunaweza kulifungua tundu ambalo halikuwepo.

Kipimo cha dakika 20, cha kuona kama damu inaganda kwenye mrija, kinafanywaje sawasawa?

Hakihitaji umeme wala kitendanishi. Kinahitaji nidhamu.

1. Tafuta mrija wa kioo, mpya, mkavu na msafi. Usitumie wa plastiki.
2. Toa mililita 2 hadi 3 za damu ya vena, uiweke kwenye mrija mara moja.
3. Usimamishe mrija mahali patulivu, kwenye joto la kawaida la chumba. Andika saa.
4. Usiuguse. Usiutikise kuangalia "kama imeanza".
5. Dakika 20 zikitimia, uinamishe mara moja tu. Damu ikimwagika kama maji, haigandi, na hiyo ni dalili ya kutoa antivenomu (dawa ya kuzuia sumu ya nyoka) kwa mgonjwa aliyeumwa na nyoka. Ikibaki imeshikamana chini, imeganda.

Kosa linalotokea mara nyingi ni la mrija. Damu huanza kuganda humo kwa sababu uso wa kioo unaamsha kigandishi cha XII. Plastiki haifanyi hivyo vizuri. Mrija wa kioo uliowahi kuoshwa kwa sabuni pia umeharibika, kwani utando wa sabuni hubaki juu ya kioo hata baada ya kusuuza. Matokeo yake ni damu yenye afya kuonekana mbovu, na mgonjwa kupewa antivenomu asiyoihitaji. Ukiwa na shaka na mirija yako, weka damu ya mtu mzima wa afya kwenye mrija mwingine wa kundi lilelile, sambamba na wa mgonjwa. Isipoganda, mirija ndiyo yenye kasoro.

Kosa la upande wa pili ni kuamini jibu zuri la mara moja. Kipimo hiki hushika upungufu mkubwa, fibrinojeni ikiwa imeshuka hadi karibu gramu 0.5 kwa lita au chini zaidi. Upungufu wa kati hukipita. Aliyefika mapema na damu yake ikaganda apimwe tena na tena.

Tuna mashine ya INR, kipimo cha muda ambao damu huchukua kuganda. Sampuli inaweza kuharibika vipi?

Kwanza, uwiano. Mrija wa sitrati unataka damu sehemu 9 kwa sitrati sehemu 1. Ukiujaza nusu, sitrati inazidi na majibu yanarefuka kwa uongo. Pili, na hili ni la sumu peke yake: sitrati hufunga kalsiamu ili kusimamisha kuganda, lakini ekarini haihitaji kalsiamu. Sumu iliyomo kwenye sampuli inaendelea kula fibrinojeni ndani ya mrija wakati wewe unasubiri mashine iwe tayari. Tenganisha plazima na uipime bila kuchelewa.

Picha ya kawaida ya mgonjwa ambaye vigandishi vyake vimetumika vyote ni hii: INR zaidi ya 3 au mashine kushindwa kutoa namba, fibrinojeni isiyopimika, D-dima juu sana. INR ikiwa juu huku D-dima ikiwa ya kawaida, fikiria kwanza hitilafu ya sampuli au dawa anazotumia mgonjwa.

Tumetoa antivenomu, saa mbili zimepita, damu bado haigandi. Dawa ni mbovu?

Si lazima. Antivenomu ni kingamwili. Kazi yake ni kuishika sumu isifanye kazi. Hairudishi hata miligramu moja ya fibrinojeni. Fibrinojeni mpya inatengenezwa na ini, na ini lina mwendo wake. Kwa kawaida damu huanza kuganda tena kati ya saa 3 na 9 baada ya dozi ya kutosha. Ndiyo maana kipimo cha kuamua dozi ya pili hufanywa baada ya saa 6. Kupima baada ya saa moja na kuongeza chupa kwa sababu "hakuna mabadiliko" ni kuteketeza dawa adimu.

Kuna dalili inayotangulia, nayo ina thamani kubwa: kuvuja kwa fizi na vidonda hukoma mara nyingi ndani ya dakika 15 hadi 30, hata kabla damu haijaanza kuganda mrijani, kwa kuwa vile vinavyotoboa mishipa vimekwisha kushikwa. Mgonjwa anayeendelea kuvuja kwa nguvu baada ya saa 1 hadi 2 ndiye anayehitaji dozi nyingine bila kungoja saa 6.

Hakikisha pia kwamba antivenomu uliyonayo imetengenezwa kwa sumu ya nyoka wa eneo hilo. Jina la jenasi kwenye boksi halitoshi: antivenomu iliyotengenezwa kwa *Echis* wa Asia inaweza kumwacha mgonjwa wa *Echis* wa Afrika bila msaada. Mtoto hupewa dozi sawa na mtu mzima, maana nyoka hakupunguza sumu kwa sababu ya umri. Adrenalini, ya kutibu mzio unaoweza kuletwa na antivenomu, iwe imekwisha kuvutwa kwenye sindano kabla ya kuanza: miligramu 0.5 ya msuli kwa mtu mzima, miligramu 0.01 kwa kilo kwa mtoto. Hapa ndipo sindano ya msuli inaruhusiwa hata kama damu haigandi, kwa sababu mzio huua kwa dakika.

Heparini, vitamini K, plazima: zinasaidia?

Heparini, hapana. Wazo la zamani lilikuwa kwamba ukizuia thrombini utaokoa vigandishi. Lakini meizothrombini inaiponyoka heparini, vimeng'enya vinavyoiga thrombini haviihisi, na umemwongezea mgonjwa sababu nyingine ya kuvuja.

Vitamini K, hapana. Hiyo husaidia ini kukamilisha baadhi ya vigandishi pale warfarini (dawa ya kuzuia kuganda) au njaa ya vitamini ilipokwamisha kazi. Sumu haikugusa kiwanda, imemaliza bidhaa.

Plazima iliyohifadhiwa kwa barafu ina nafasi yake, lakini baada ya antivenomu. Ukiiweka kabla, unaipa sumu malighafi mpya ya kukata. Baada ya antivenomu, kwa mgonjwa anayevuja kwa hatari au anayehitaji upasuaji wa dharura, inaweza kuharakisha kurudi kwa vigandishi. Aspirini na jamii yake zisiguswe kwa maumivu. Parasetamoli inatosha kuanzia.

Je, huku si kuganda kwa damu kulikosambaa mwilini kama kule kwa maambukizi makali?

Kunafanana kwenye karatasi ya majibu, si kwenye mwili. Kule kwa maambukizi huanzia kwenye ukuta wa mishipa uliojeruhiwa, na viungo hushindwa kwa madonge madogo. Huku sumu inaingia katikati ya mfululizo na kupita juu ya breki nyingi za mwili, na mara sumu ikiondoka tatizo hujirekebisha. Baadhi ya wagonjwa, hata hivyo, hupata chembe nyekundu zilizokatikakatika, chembe sahani kushuka na figo kushindwa. Kwa hiyo kreatinini (kipimo cha figo) na kiasi cha mkojo vifuatiliwe.

Nyoka wawili wanavunja kanuni: *Bothrops lanceolatus* wa Martinique na jirani yake *Bothrops caribbaeus* wa Saint Lucia. Hao huziba mishipa ya ateri kwelikweli, na mgonjwa anaweza kupata kiharusi siku moja au mbili baadaye.

Nyoka wa mitini aliuma jana, mgonjwa anajisikia vizuri. Aruhusiwe?

Asiruhusiwe. *Dispholidus typus* na *Thelotornis* wana meno ya nyuma na sumu inayoamsha prothrombini, na uvujaji wao unaweza kuchelewa kwa saa nyingi, hata siku nzima au zaidi. Karl Patterson Schmidt, mtaalamu wa nyoka, aliumwa na *Dispholidus* mchanga huko Chicago Septemba 1957. Aliandika dalili zake mwenyewe, akaamka asubuhi akijiona ana nafuu, na akafa siku hiyohiyo. *Dispholidus* ana antivenomu yake maalumu. *Thelotornis* hana, na Robert Mertens, mtaalamu mwingine wa nyoka, alikufa kwa nyoka huyo mwaka 1975. Kwa mgonjwa wa *Thelotornis* kilichopo ni kitanda, plazima na damu, na uangalizi wa siku kadhaa.

Huduma ya kwanza inabadilika kwa sumu hizi?

Kanuni ni ileile: tuliza kiungo kisisogee, vua pete na bangili, peleka mgonjwa hospitalini. Kinachobadilika ni uzito wa kosa. Kuchanja mahali palipoumwa ni ubaya kwa nyoka yeyote. Kwa damu isiyoganda, chale moja inaweza kuvuja usiku kucha. Kamba ya kubana mguu nayo hukusanya sumu mahali pamoja na kuozesha tishu.

Mbona nyoka mwenyewe hagandi damu?

Tezi inahifadhi sumu ikiwa imelala. Ndani yake kuna sitrati inayofunga madini, hali ya asidi, na peptidi fupi zinazoziba mdomo wa metaloproteinasi. Sumu ikiingia kwenye tishu, inakuwa nyepesi, asidi inapungua, vizibo vinaachia. Damu ya nyoka wengi pia ina protini zinazozuia vimeng'enya vya sumu yao.

Protini hizi zina faida gani maabara na hospitalini?

Nyingi. Tirofibani ilibuniwa kwa kuiga ekistatini ya *Echis*, na eptifibatidi kwa kuiga barburini ya *Sistrurus miliarius barbouri*. Zote mbili huzuia chembe sahani kwa wagonjwa wa moyo. Ekarini hupima dabigatrani, dawa ya kuzuia kuganda, na heparini haiivurugi. Batroksobini huonyesha kama muda wa thrombini umerefuka kwa sababu ya heparini au kwa sababu fibrinojeni ni mbovu: donge likitokea kwa wakati wake, mshukiwe heparini.

Sumu iliyozimuliwa ya *Daboia* hutafuta kingamwili za lupasi, zinazotengenezwa na mwili dhidi yake wenyewe na kusababisha madonge. Hapo plazima inapaswa kuzungushwa kwenye sentrifuji mara mbili, chembe sahani zibaki chini ya bilioni 10 kwa lita. Zikibaki nyingi, zinapasuka wakati plazima inapogandishwa kwa baridi na kuyeyushwa, zinatoa mafuta ambayo kingamwili hujishikiza kwayo, na jibu linatoka "hakuna" wakati zipo. Rivaroksabani, dawa nyingine ya kuzuia kuganda, hufanya kinyume: hutoa "zipo" wakati hakuna. Uliza dawa za mgonjwa kabla ya kuvuta sampuli.